Kuacha Kileo Bila Kuacha Biashara

Uraibu, kama wataalamu wa afya ya akili wanavyoueleza, ni hali ya mtu kuendelea kutumia kileo au dawa ya kulevya ilhali madhara yake anayaona, na uwezo wake wa kuamua aanze lini, atumie kiasi gani na aishie wapi umepungua mno au umemtoka kabisa. Hali hiyo haichagui kazi, na makadirio ya Shirika la Afya Duniani, yanayoonyesha kwamba pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani katika mwaka 2019, yanawahusu wakulima na walimu sawasawa na wachuuzi. Hata hivyo, mfanyabiashara anayetaka kuacha hukabiliwa na ugumu wa namna yake, kwa kuwa hana msimamizi wa kumnusa pumzi asubuhi, hana mshahara wa mwisho wa mwezi ambao mtu mwingine angeweza kumshikia, na kila jioni kazi yake humwachia fedha taslimu mkononi. Tena liko jambo ambalo husahaulika, nalo ni kwamba kununua na kuuza kwa kubashiri bei huugusa ubongo mahali pale pale panapoguswa na pombe, kokeini au heroini, na ndiyo maana mtu anaweza kuipita baa kwa mwezi mzima bila kugeuza shingo, halafu akaangushwa na faida nono ya siku moja.

Sehemu ya ubongo inayohusika hufanya kazi kwa kutumia kemikali iitwayo dopamini, ambayo wengi huidhania kuwa kemikali ya raha, ingawa uchunguzi wa makini umeonyesha kwamba kazi yake kubwa ni kuufunza ubongo nini cha kutarajia. Katika miaka ya 1990 mtaalamu wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda, wakaona kwamba seli hizo huchangamka zaidi tuzo inapokuja bila kutazamiwa, hutulia inapokuja kama ilivyotarajiwa, na hunyamaza inapokosekana. Pombe na dawa za kulevya huipandisha dopamini hiyo kwa njia ya mkato, pasipo mtu kuwa amepata chochote cha maana, na ubongo, kwa kuwa hauwezi kujua kwamba umedanganywa, hukariri kila kilichokuwa karibu wakati huo: harufu, wimbo, sura ya rafiki, saa ya kufunga duka. Mambo hayo yaliyokaririwa huitwa vichochezi, na kila kimoja kinaweza kuamsha kiu miaka kadhaa baada ya mtu kuacha. Sasa soko, liwe la hisa au la nyanya, limejaa tuzo zisizotazamiwa, kwani anayelijia kila asubuhi hajui mteja gani atakuja wala bei itasimama wapi, na kutojua huko ndiko kunakomrudisha kesho yake hata baada ya kula hasara.

Mwaka 2008 watafiti wawili wa Cambridge, John Coates na Joe Herbert, walichapisha matokeo ya kuwapima wanaume 17 waliokuwa wakifanya biashara ya fedha mjini London kwa siku nane za kazi. Siku ambazo homoni ya testosteroni ilikuwa juu asubuhi ndizo siku walizopata faida iliyozidi wastani wao, na homoni ya kotisoli, ambayo mwili huitoa wakati wa mfadhaiko, ilipanda kadiri matokeo yao na soko lenyewe vilivyoyumba. Watu 17 ni wachache mno kujengea nadharia kubwa, lakini matokeo hayo yanapatana na maneno mawili ambayo yeyote aliyekaa na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki ameyasikia mara nyingi, yaani kujipongeza na kupunguza mawazo. Siku ya faida mtu huenda kujipongeza, siku ya hasara huenda kupunguza mawazo, na kwa kuwa kazi yake haina siku ya tatu, sababu ya kunywa haikosekani.

Njia iliyoenea kuliko zote ya kuwasaidia watu wa namna hiyo ilianzishwa na mtu wa soko la hisa, jambo ambalo hutajwa mara chache hata na wale wanaoifuata. William Griffith Wilson alizaliwa mwaka 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont nchini Marekani, akaonja pombe akiwa ofisa kijana wa jeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya vita akasoma sheria mjini New York huku moyo wake ukiwa kwenye soko la hisa. Wakati huo wanunuzi wengi wa hisa walinunua kwa fununu, wakiamini lililosemwa na jirani au dalali, na Wilson aliona kwamba anayekwenda kukitazama kiwanda chenyewe angekuwa mbele ya wenzake. Mwaka 1925 yeye na mkewe Lois walipanda pikipiki yenye kigari cha pembeni, wakaanza safari ya kukagua kampuni za mashariki mwa Marekani, wakilala katika hema, na taarifa alizoziandika ziliwavutia wenye mitaji hata akahesabiwa miongoni mwa wachambuzi wa kwanza wa soko hilo. Fedha ziliingia kwa wingi, na pombe ikaongezeka pamoja nazo.

Mporomoko wa Oktoba 1929 ulimfilisi kama ulivyowafilisi maelfu wengine, ila kilichofuata ndicho kinachomfanya awe kisa cha kujifunzia. Rafiki alimpa kazi Montreal, nchini Kanada, akainywa kazi hiyo. Akarudi na mkewe kuishi nyumbani kwa baba mkwe mtaa wa Clinton, Brooklyn, Lois akiwalisha wote wawili kwa ujira wa kuuza katika duka kubwa la Macy's. Mwaka 1932, bei za hisa zilipokuwa zimeanguka hadi chini kabisa na mwenye ujasiri angeweza kununua kwa bei ya bure, Wilson alikusanya kundi la wawekezaji ambao yeye mwenyewe angegawana nao faida, na ilimpasa afanye jambo moja tu, yaani asilewe. Alilewa, na nafasi ikapotea. Wanaofikiri kwamba mlevi hunywa kwa sababu ya umaskini, na kwamba akipewa mtaji atatulia, wangefaa kuitazama habari hiyo kwa makini, kwa kuwa chupa ilimkuta mlangoni mwa utajiri, akiwa na kila sababu ya kukaa macho.

Katika hospitali ya Towns mjini New York, iliyokuwa ikiwatibu walevi wenye uwezo, daktari William Silkworth alimweleza Wilson kwamba ulevi ni ugonjwa, akiufananisha na mzio, yaani hali ya mwili wa mtu fulani kukikataa kitu ambacho wengine hukivumilia. Nadharia hiyo ya mzio haikubaliki tena kisayansi, lakini ilimwondolea Wilson aibu iliyokuwa ikimzuia kufikiri. Alilazwa hapo kwa mara ya mwisho mwezi Desemba 1934, baada ya kutembelewa na Ebby Thacher, rafiki yake wa zamani wa kunywa ambaye alikuwa ameacha kwa msaada wa kundi la kidini liitwalo Oxford Group, na tangu 11 Desemba mwaka huo hadi alipofariki mwaka 1971 hakunywa tena. Kwa miezi mitano alijaribu kuwaokoa walevi wengine, akiwahubiria kwa bidii, na hakuna hata mmoja aliyeacha.

Mwezi Mei 1935 alisafiri hadi Akron, jimbo la Ohio, kushiriki katika mvutano wa wanahisa waliotaka kuidhibiti kampuni moja ya mitambo ya mpira, kazi ambayo ingemrudishia jina sokoni. Upande wake ulishindwa, wenzake wakaondoka, akabaki peke yake katika hoteli ya Mayflower akiwa na fedha kidogo, na ukumbini, upande mmoja, kulikuwa na baa iliyojaa vicheko. Badala ya kuingia humo alikwenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa akiomba wamkutanishe na mlevi mwingine, na kupitia mwanamke aitwaye Henrietta Seiberling akafikishwa kwa daktari mpasuaji Robert Smith, ambaye pombe ilikuwa karibu kummalizia kazi yake. Smith alikubali kumsikiliza kwa robo saa, wakazungumza kwa saa sita hivi. Kwa mara ya kwanza Wilson hakuhubiri, kwani alikuwa amemtafuta Smith ili ajiokoe mwenyewe asinywe siku hiyo, na Smith alilisikia hilo katika sauti yake. Tarehe 10 Juni 1935, ambayo huhesabiwa kuwa siku Smith alipokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayoadhimishwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani ushirika wa walevi wasiotajwa majina, ambao kote duniani hujulikana kwa kifupi kama AA.

Kwa mtu wa biashara, maana ya mkutano ule haiko katika dini wala katika hatua kumi na mbili za kuacha pombe ambazo AA iliziandika baadaye, bali katika ukweli kwamba kati ya watu wale wawili hapakuwa na kitu cha kuuzwa. Mfanyabiashara huishi akiwapima watu: huyu ni mteja, yule ni mshindani, huyu anadai, yule anadaiwa, na hata urafiki wake mwingi huwa na hesabu ndani yake. Uongo mdogo mdogo kuhusu hali yake ni sehemu ya kazi, maana anayekiri kwamba duka linayumba hukimbiwa na wanaomkopesha. Mtu wa namna hiyo anapoanza kuzama katika kileo hana pa kusema ukweli bila kulipia gharama, na huo ndio upungufu ambao ushirika wa Akron uliuziba, kwa kumpatia mtu chumba ambamo ukweli wake haumpunguzii mkopo wala mteja.

Si kwamba Wilson aliiacha tabia yake ya soko mara moja. Kitabu kilichoupa ushirika huo jina lake, kilichotoka Aprili 1939, kiligharimiwa kwa kuuza hisa za dola 25 kila moja za kampuni ya uchapishaji ambayo yeye na mwenzake Hank Parkhurst waliianzisha, na kwa muda mrefu aliota hospitali na watumishi wa kulipwa wa ushirika huo. Wenzake ndio waliomzuia. Mwenye hospitali ya Towns alipotaka kumwajiri kama mshauri wa walevi, wanachama walikataa wakisema kwamba jambo hilo likigeuzwa ajira litaharibika, na tajiri John D. Rockefeller Mdogo, aliyeombwa fedha nyingi, alitoa dola 5,000 tu mwaka 1938, akihofu kwamba fedha zingeua kilicho chema ndani yake. Parkhurst, aliyekuwa na ari ya biashara kuliko wote, alirudia pombe mwaka huo huo kitabu kilipotoka. Kufikia mwaka 1950 ushirika ulikuwa umepitisha kanuni kwamba kila kikundi kijitegemee kwa michango ya wanachama wake na kukataa misaada ya nje, kanuni ambayo kwa sikio la mfanyabiashara ni ya ajabu kabisa.

Je, njia hiyo inafanya kazi? Kwa miaka mingi wasomi waliitilia shaka, hasa kwa sababu ya lugha yake ya kumtegemea Mungu na kwa sababu wanaoondoka hawahesabiwi. Mwaka 2020 mtandao wa Cochrane, unaopitia tafiti za tiba na kuzipima ubora, ulichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zilizohusisha watu 10,565, ukahitimisha kwamba programu zilizopangwa vizuri za kumwingiza mtu katika AA huwasaidia watu kukaa bila pombe kabisa kwa kiwango kilicho sawa na tiba nyingine za kisaikolojia au kinachozizidi. Hilo halina maana kwamba humfaa kila mtu. Wilson mwenyewe, aliyekaa bila pombe kwa miaka 36, hakuwahi kuushinda uraibu wa sigara ila alipokuwa tayari amechelewa, na ugonjwa wa mapafu ndio uliomuua.

Masoko makubwa ya fedha yamechelewa kulikubali tatizo la ulevi miongoni mwa watu wake. Usiku wa kuamkia 30 Juni 2009 dalali mmoja wa mafuta wa London, aliyekuwa akinywa tangu mwisho wa juma, alinunua kwa kompyuta ya nyumbani mikataba ya mapipa zaidi ya milioni 7 bila idhini ya mteja yeyote, akaipandisha bei ya mafuta duniani kwa zaidi ya dola moja kwa pipa, na kampuni yake ikapata hasara inayokaribia dola milioni 10. Mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza ilimtoza faini ya pauni 72,000 na kumzuia kufanya kazi hiyo kwa muda usiopungua miaka mitano, na yeye akaingia katika programu ya kuacha pombe. Miaka minane baadaye, Februari 2017, soko la bima la Lloyd's, ambako kunywa wakati wa chakula cha mchana kulikuwa kumezoeleka kwa vizazi, liliwakataza waajiriwa wake kunywa kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni baada ya kuona kwamba takriban nusu ya mashauri ya nidhamu yalihusu pombe. Katazo hilo liliwagusa waajiriwa wa soko tu, na madalali wa kampuni za nje waliofanya kazi katika jengo lile lile hawakuhusika.

Katika masoko ya wachuuzi kama Kariakoo au Gikomba hakuna mwajiri wa kuandika katazo kama hilo. Kuna kitu kingine, ambacho katika baadhi ya mambo kina nguvu zaidi, nacho ni mali kauli, yaani utaratibu wa mwenye stoo kumpa mchuuzi bidhaa bila malipo wala maandishi, kwa neno lake tu kwamba akishauza atarudisha fedha. Mchuuzi mwenye kauli anaweza kuanza asubuhi bila senti na kulala na faida, ilhali aliyepoteza kauli anaweza kuwa na mtaji mfukoni na bado akakosa robota zuri la mitumba. Pombe huila kauli kabla ya kula mtaji. Dalili ya kwanza huwa marejesho ya jioni kugeuka ya kesho asubuhi, kisha simu kuzimwa, kisha mwenye stoo kuanza kusema kwamba mzigo umekwisha huku marobota yakionekana nyuma yake. Kwa mtu aliyeacha kileo, kazi ngumu zaidi ya kibiashara ni kuirudisha kauli hiyo, na hairudi kwa kuapa. Inarudi kwa kuchukua mzigo mdogo kuliko uwezo wake na kuurudisha kabla ya saa iliyokubaliwa, mara nyingi, kwa muda mrefu, huku akivumilia kutazamwa kwa jicho la pembeni na watu ambao zamani aliwanunulia bia.

Mikopo ya haraka, ambayo Watanzania wameipa jina la kausha damu kwa sababu ya riba na ukali wa ukusanyaji wake, humsukuma mtu huyo upande wa pili. Anayedaiwa marejesho ya kila siku huwa katika mfadhaiko wa kila siku, na akopaye ili kuziba pengo alilolichimba kwa pombe hujikuta anahitaji kunywa ili alale. Vikoba na vyama vya kuweka na kukopa ni bora zaidi, kwani watu hufahamiana na wajibu ni wa pamoja, ingawa hata huko siku ya kupokea mchezo, fedha nyingi zinapomwangukia mtu kwa mkupuo, huwa ni siku ya hatari ambayo walioacha hujifunza kuipangia mapema. Vilevile haifai kukichanganya kikoba na kikundi cha kuacha kileo, hata kama wanachama ni wale wale, kwa sababu katika kikoba kila aliyekaa kwenye kiti anajua anamdai nani.

Serikali zimejaribu kuisogeza pombe mbali na saa za kazi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliipa jina la mbunge aliyeipigania, Mututho, ilizifunga baa za kawaida hadi saa 11 jioni katika siku za kazi, na Tanzania ilipiga marufuku kuanzia 1 Machi 2017 viroba, yaani pombe kali iliyofungwa katika vifuko vidogo vya plastiki, ambayo ilikuwa ikiuzwa kando ya vocha na pipi hata mchuuzi akaweza kunywa mfululizo bila kuondoka kwenye meza yake. Marufuku ya viroba ilikuwa na busara kuliko wengi walivyokiri, kwa kuwa ilimrudishia mnywaji hatua kadhaa za kutembea, na hatua hizo humpa mtu nafasi ya kubadili nia. Mirungi, au miraa kama iitwavyo Kenya ambako ni zao halali, ni suala jingine, kwani wafanyabiashara wa usiku na madereva wa malori huitafuna ili wakeshe, kutokana na kathinoni, kichangamshi kilicho ndani ya majani mabichi, kisha stimu ikikataa kushuka hunywa pombe ili wapate usingizi, na hatimaye hawajui ni kipi kati ya hivyo viwili wanachokiacha. Kuhusu wanawake wanaojipatia riziki kwa kupika na kuuza gongo, chang'aa au mbege, mengi yameandikwa juu ya sheria na machache mno juu ya mpishi ambaye lazima aonje anachokipika, na kwake ushauri wa kukaa mbali na kileo huwa ni ushauri wa kubadili kazi.

Hapa inabidi kueleza jambo la kitabibu ambalo watu wa dini na wa familia, kwa nia njema, hulikosea. Pombe huongeza nguvu ya kemikali zinazoutuliza ubongo, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku hujirekebisha kwa kuongeza zile zinazouchangamsha, hivyo pombe ikikatwa ghafla breki huondoka na mchangamko hubaki. Mikono hutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, na kwa baadhi ya watu, ndani ya siku mbili za mwanzo, huja degedege, na baadaye kidogo kuchanganyikiwa na kuona visivyokuwapo, hali inayoweza kuua. Mfanyabiashara anayehitaji kuzimua kila asubuhi, yaani kunywa kidogo ili mikono itulie aweze kuhesabu fedha, asifungiwe chumbani akaombewe aache leo leo, bali apelekwe hospitali ambako atapewa dawa za kumvusha kwa siku chache. Baada ya hapo zipo dawa za kupunguza kiu, kama naltreksoni, na ipo disulfiramu, ambayo humfanya anayekunywa pombe ajisikie vibaya sana, ingawa dawa hiyo ya pili inahitaji mtu wa kuisimamia, la sivyo huachwa kwenye droo.

Kwa heroini, ambayo katika miji ya pwani huitwa unga, mambo ni tofauti. Maumivu ya kuikosa, yanayoitwa arosto mitaani, mara chache huua lakini humrudisha mtu kwenye unga ndani ya saa chache, na aliyekaa muda bila kutumia akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa papo hapo kwa kuwa mwili umeshausahau. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, Kenya na Zanzibar zikafuata. Methadoni ni dawa ya kunywa iliyo katika jamii moja na heroini, ila hukaa mwilini zaidi ya saa 24, huzuia arosto bila kuleta ulevi kwa aliyeizoea, na hivyo humwezesha mtu kufanya kazi siku nzima. Wanaoibeza kwamba ni kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine hawajamtazama mtu aliyekuwa akihitaji fedha ya kete mara tatu kwa siku akigeuka kuwa mtu anayeweza kukaa na mtaji wake hadi Jumamosi. Kando ya kliniki hizo zipo nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba, ambazo zimestawi hasa Zanzibar, zikitumia hatua kumi na mbili zilizokopwa kutoka AA na kutoka ushirika ndugu wa Narcotics Anonymous ulioanza California mwaka 1953, zikichanganya na swala, dua na nidhamu ya kuamka alfajiri, na nyingi huendeshwa na watu waliopitia huko wenyewe.

Anayetoka soba na kurudi sokoni hukutana na yale yale aliyoyaacha, kwa hiyo wenye uzoefu humshauri aibadilishe siku yake ya kazi kabla hajajaribu kuibadilisha tabia yake. Wengi huanza kwa kumpitia wakala wa fedha za simu mchana, mauzo yanapokuwa bado madogo, ili jioni wasibaki na bunda mfukoni; wengine humwachia mke, mama au dada mamlaka ya kutoa fedha, jambo linalouma heshima ya mwanamume mtu mzima na ambalo kwa sababu hiyo hufanywa na wale tu waliokwisha choka kabisa. Njaa, hasira, upweke na uchovu huhesabiwa kuwa hali nne zinazotangulia kurudia, na mchuuzi aliyesimama juani tangu alfajiri bila kula huwa nazo zote nne ifikapo saa 12 jioni, hivyo sahani ya wali saa 8 mchana inaweza kuwa tiba kuliko semina. Vijana wanaofanya biashara ya fedha za kigeni kwa simu, katika soko lisilofungwa ila mwisho wa juma, wana hatari ya ziada kwa kuwa hawana saa ya kufunga duka, na kwao kujiwekea saa hiyo ni sehemu ya kuacha. Wapo pia ambao hawawezi kabisa kurudi, na ni afadhali waambiwe hivyo mapema, hasa yule ambaye furaha ya kubashiri bei na furaha ya kulewa haziwezi kutenganishwa kichwani mwake.

Kwa wanaoweza kurudi, kikwazo kinachodharauliwa kuliko vyote ni ratiba. Methadoni hutolewa kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, ikinywewa mbele ya mhudumu, na foleni yake huwa asubuhi, saa zile zile ambazo malori ya mboga na ndizi yanashushwa na mwenye kuwahi ndiye anayechagua mali. Mchuuzi anayefika sokoni saa 4 huuziwa masalio kwa bei ya mtu wa pili, akapata faida ndogo, na baada ya miezi michache hulazimika kuchagua kati ya dawa na riziki. Baadhi ya kliniki zimeanza kuwapa walioimarika dozi za kwenda nazo nyumbani, na hatua hiyo inamfaa mfanyabiashara kuliko mafunzo ya ujasiriamali ambayo miradi hupenda kuyaandaa, kwani kuuza alikuwa akijua kabla ya unga. Kliniki ikifungua dirisha lake saa 12 asubuhi badala ya saa 2, mtu hunywa dozi yake, hupanda daladala, na hufika mnadani wakati bei bado inapangwa.